MDUNDO WA KAZI: NANI AMESHIKA NGOMA?

Somo la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Mwalimu wa kisomo, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu anasikia vizuri, na walio nyuma wasogee mbele. Leo hatutaanza na kalamu wala daftari. Wekeni kila kitu chini, mbaki na mikono mitupu.

Sasa pigeni makofi pamoja nami. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Endeleeni.

(Makofi.)

Basi, inatosha. Je, mmetambua nini? Makofi ya kwanza yalitawanyika kama matone ya mvua juu ya bati. Baada ya mapigo machache yakakaribiana, kisha yakawa kama kofi moja. Hakuna aliyewaamrisha mmoja mmoja. Hakuna aliyetazama saa. Kila mtu alimsikiliza jirani yake, akajua pigo lijalo litaanguka lini, akaweka mikono yake tayari. Jambo hilo ndilo somo letu la leo. Tutaliita mdundo.

Mdundo ni nini? Ni mapigo yanayorudi kwa nafasi zinazojulikana. Pigo peke yake si mdundo. Kimya kilichomo kati ya pigo na pigo nacho ni sehemu ya mdundo. Mtu akipiga ngoma pasipo kuacha nafasi, hapati mdundo, apata kelele tu.

Mdundo ulio karibu nasi

Tuanze na mwili wenyewe. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Utasikia mshipa ukipiga. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na mara 100 kwa dakika. Mtu akitembea kwa mwendo wake wa kila siku, hatua zake hukaribia 100 kwa dakika. Mama ambembelezaye mtoto mgongoni humtikisa kwa mwendo usiobadilika, na mtoto husinzia. Mtoto huyo hajui kuhesabu, lakini mwili wake waujua mdundo.

Sasa twende uani. Wanawake watatu wanatwanga mahindi katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Michi haishuki pamoja, kwa maana ikishuka pamoja itagongana. Wa kwanza anashusha, wa pili anainua, wa tatu yuko njiani. Anayechelewa kidogo huugonga mchi wa mwenzake. Hapa kila mtu ana zamu yake, na zamu hizo zinafuatana pasipo mtu kuzitaja. Huo ni mdundo wa kupokezana.

Tukienda pwani tutaona namna nyingine. Wavuvi ishirini wanavuta mashua mchangani. Hapo kupokezana hakufai. Mashua iliyokaa juu ya mchanga imeshikwa na uzito wake. Mmoja akivuta sasa, wa pili baadaye kidogo, na wa tatu baadaye tena, mashua haisogei hata inchi moja, na wote watachoka bure. Lakini mmoja akiimba, na wengine wakiitika na kuvuta wakati ule ule wanapoitika, nguvu za watu ishirini hufika mara moja, na mashua husogea. Mwimbishaji anapoimba, wavutaji wanapata pumzi. Wanapoitika, wanavuta kamba. Kwa hiyo wimbo umepanga kazi, na mapumziko umeyapanga vile vile. Huo ni mdundo wa pamoja.

Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini hata vidole viwili havivunji chawa kama havikutani kwa wakati mmoja. Kinachovikutanisha ni mdundo.

Basi, ikiwa mdundo una nguvu hivyo, hapana budi tuulize swali. Ni nani aamuaye mwendo uwe wa haraka au wa polepole? Ni nani asemaye, sasa tupumzike? Katika lugha yetu neno ngoma lina maana mbili. Ni chombo kinachopigwa, na tena ni mchezo unaochezwa. Mwenye kushika chombo huwachezesha wengine. Swali hili, nani ameshika ngoma, tutalifuata katika historia: kwanza katika njia ya misafara, pili katika vita ya mwaka 1914, tatu katika ngoma ya beni, na mwisho katika mashamba ya Usukuma.

Njia ya wapagazi

Katika karne ya 19, kabla ya reli na motokaa, bidhaa za bara zilifika pwani juu ya mabega na vichwa vya watu. Wanyama wa kubeba mizigo walikuwa wachache, na wengi wao waliuawa na ugonjwa uletwao na mbung'o. Njia moja kubwa ilitoka pwani karibu na Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, mwendo wa kilometa 800 hivi. Kutoka hapo iliendelea mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara.

Wapagazi waliosifiwa kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, au kilo 32 kwa kipimo cha leo. Juu ya mzigo huo aliongeza mkeka wake na vyombo vyake. Pembe kubwa iliyomshinda mtu mmoja ilichukuliwa na watu wawili kwa mti uliolazwa mabegani, ule mtindo tuuitao mzegamzega. Watu wawili wa mzegamzega lazima wapatane hatua. Mmoja akikokota miguu, mzigo huyumba na kuwasumbua wote wawili.

Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita njia hiyo mwaka 1857. Walitoka pwani mwezi wa Juni, wakafika Tabora, iliyoitwa Kazeh siku zile, mwezi wa Novemba. Burton aliandika kitabu juu ya safari hiyo, kikachapwa mwaka 1860. Mtu huyu aliwadharau Waafrika, kwa hiyo yatupasa kumsoma kwa hadhari. Hata hivyo macho yake yaliona mengi. Ameeleza kwamba mbele ya msafara alikwenda kiongozi, aliyeitwa kirangozi, na karibu naye alikuwapo mpiga ngoma. Mtu aliyethubutu kumtangulia kirangozi alitozwa faini. Tena ameeleza kwamba wapagazi wengine walifunga njuga miguuni, na kwamba kwenye ncha ya pembe ya ndovu ilifungwa kengele ya ng'ombe.

Ngojeni kidogo, tufikiri. Kwa nini mtu aliyebeba ratili 70 ajiongezee njuga mguuni?

Wasafiri wengine wa Ulaya waliona kwamba hizo ni kelele tu, furaha ya watu wasio na mawazo. Lakini mtu aliyewahi kubeba mzigo mbali ataona maana yake. Njia ilikuwa nyembamba. Watu walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, pengine mamia ya watu katika safu moja. Aliye nyuma hamwoni kirangozi, wala hawezi kuinua kichwa atazame, kwa sababu ya mzigo. Lakini masikio yake hayakubeba kitu. Sauti ya njuga iliyo mbele humwambia kwamba bado tunakwenda. Ikinyamaza, ajua kwamba kuna jambo mbele.

Tena kuna sababu ya uzito. Wimbo haupunguzi uzito wa mzigo. Ratili 70 hubaki ratili 70. Lakini mtu aendaye kwa mwendo ulio sawa hapotezi nguvu kwa kusimama na kuanza upya kila mara. Na akili iliyoshikwa na wimbo haihesabu kila hatua ya njia. Kwa hiyo mdundo ulikuwa chombo cha kazi, kama kamba na kama mti wa mzegamzega.

Sasa turudi kwenye swali letu. Nani alishika ngoma katika njia ile? Kwa kawaida kirangozi alikuwa mpagazi kama wenzake, mtu mzoefu aliyeijua njia. Hakuwa mwenye mali. Wapagazi walijua penye maji na penye kivuli, wakawa na sauti katika kuamua safari ya siku ikome wapi. Walifanya kazi kwa ujira. Walipopunjwa posho, yaani chakula chao cha kila siku au nguo za kununulia chakula, walitua mizigo yao chini wakakataa kuipandisha. Mwenye mali angeweza kupiga kelele apendavyo, lakini mali yake ilibaki imekaa mavumbini mpaka mapatano yafanywe.

Lakini tusijidanganye, ndugu zangu. Katika njia ile ile walipita pia watu wenye minyororo shingoni, watumwa waliopelekwa pwani. Nao walikwenda hatua kwa hatua, kwa maana mtu aliyefungwa pamoja na wenzake hana njia nyingine. Ukiwatazama kwa mbali ungeweza kusema, hao nao wanakwenda kwa mdundo. Kumbe huo ni mdundo wa mnyororo. Macho peke yake hayatoshi kutofautisha mdundo huo na ule wa kirangozi. Ni lazima kuuliza kama mtu aweza kusimama.

Vita ya 1914 na jina la Kariakoo

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku chache. Kazi ya kubeba mizigo masafa marefu ilielekea kwisha. Ndipo mwezi wa Agosti 1914 vita ilipoanza Ulaya, ikafika Afrika Mashariki, na majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yakapigana katika nchi zetu mpaka mwezi wa Novemba 1918.

Majeshi huhitaji chakula, risasi na dawa. Magari yalikwama matopeni, na farasi, nyumbu na punda wakafa. Wakatafutwa watu. Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi walizozitawala. Wajerumani nao waliwatwaa wanavijiji wengi kwa nguvu. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000. Wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa.

Linganisheni safari hizi mbili. Mpagazi wa Unyamwezi na mpagazi wa vita walibeba mizigo iliyofanana. Walipita katika misitu na mito ya namna moja. Miguu ya mtu ni ile ile. Lakini mpagazi wa vita hakuchagua siku ya kuondoka. Hakujua safari itakoma wapi. Chakula alichopewa mara nyingi kilikuwa kigeni kwake na hakikupikwa barabara. Na alipoona amepunjwa, hakuweza kutua mzigo na kungoja mapatano, maana nyuma yake alikuwapo mtu mwenye bunduki. Wazee husema, ikilia mbiu ya mgambo kuna jambo. Safari hii jambo lilikuwa la watu wengine, na mbiu ililia kwa ajili yetu.

Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wananchi walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Mtu akienda leo sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, kununua viazi au khanga, anakanyaga mahali ambapo wapagazi wa vita walipiga kambi. Nairobi nayo ina mtaa wa Kariokor, kwa asili hiyo hiyo. Katikati ya Dar es Salaam imesimama sanamu iliyowekwa mwaka 1927. Sanamu hiyo ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi hana sanamu pale. Yeye amebaki katika jina la soko.

Vijana wa beni

Jeshini mdundo hufundishwa uwanjani: kushoto, kulia, geuka, simama. Katika gwaride mwendo wa haraka ni kama hatua 120 kwa dakika, yaani wepesi kuliko mwendo wa mtu aendaye shambani. Shabaha yake ni kuwafanya watu wengi waitike amri ya mtu mmoja bila kusitasita. Aliyezoea hivyo kwa miezi mingi, miguu yake hutii kabla ya kichwa kufikiri.

Sasa sikilizeni yale waliyoyafanya vijana wa pwani. Kabla ya mwaka 1900, huko Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma mpya iliyoitwa beni, kutokana na neno la Kiingereza la bendi. Wachezaji walivaa sare, wakatembea kwa safu, wakapiga ngoma kubwa na tarumbeta, wakapeana vyeo kama vya jeshini. Kila chama kilikuwa na mshindani wake, na mashindano yalikuwa makali. Baada ya vita ya 1914 hadi 1918, watu waliorudi kutoka jeshini waliieneza ngoma hii mbali, ndani ya Tanganyika, na mpaka nchi ambazo sasa ni Malawi na Zambia. Katika Tanganyika vyama viwili vilivyovuma sana viliitwa Marini na Arinoti.

Watu wengine waliwacheka vijana hao, wakasema wanaiga wazungu tu. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu juu ya beni kilichotoka mwaka 1975, alionyesha kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo. Vyama vya beni vilimsaidia mwanachama aliyeugua. Vilimzika aliyefariki. Vilimpokea mgeni aliyefika mjini bila ndugu wala nyumba. Mtu aliyeamrishwa mchana kutwa kazini, jioni alikuwa na cheo alichopewa na wenzake, na wenzake waliweza kumvua.

Mnaona jambo hili, wasikilizaji? Mdundo wa gwaride ulitengenezwa ili watu watii. Vijana wa beni waliuchukua mdundo ule ule, wakaupeleka katika chama chao wenyewe, chini ya viongozi waliowachagua. Hatua zilikuwa zile zile, lakini ngoma ilikuwa imehamia mikononi mwingine.

Wakuu wa serikali za kikoloni hawakuipuuza beni. Mwaka 1935 wachimba shaba katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, waligoma. Tume ya serikali iliyochunguza mgomo huo ilichunguza pia habari za vyama vya mbeni, kama ngoma hiyo ilivyoitwa kule. Kwa nini tume ya mgomo iulize habari za ngoma? Jibu si gumu. Watu wanaoweza kucheza pamoja waweza pia kukataa pamoja.

Jembe na ngoma Usukuma

Sasa turudi bara, kusini mwa Ziwa Viktoria. Wasukuma ni majirani wa Wanyamwezi, na lugha zao zinakaribiana sana. Wasukuma nao walikwenda safari za pwani kama wapagazi. Waliporudi walileta nyimbo za njiani, na desturi ya kwenda kwa vikosi nyuma ya kiongozi mmoja. Mtaalamu Frank Gunderson amekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 2010, na ameonyesha jinsi mambo ya safari yalivyoingia katika mambo ya shamba. Basi njia ya misafara haikupotea kabisa. Sehemu yake iliingia katika jembe.

Usukuma una vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Vimetokana na mashindano ya watu wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia kama mwezi wa Juni, pande mbili hushindana kucheza katika uwanja mmoja na kwa wakati mmoja. Anayewavuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Hahitajiki mwamuzi mwenye kalamu. Watazamaji hupiga kura kwa miguu yao.

Kati ya ngoma za Usukuma iko moja iitwayo bugobogobo, ambayo huchezwa kwa majembe. Wachezaji huinua majembe, huyazungusha na kuyarusha, wote kwa mdundo wa ngoma. Asili yake ni kazi ya shamba. Kikosi cha walimaji kiliitwa na mwenye shamba. Walimaji wakajipanga mstari, ngoma ikalia, majembe yakapanda na kushuka pamoja. Mwenye shamba aliwapa chakula, na kwa kazi kubwa aliweza kuwapa mbuzi au ng'ombe.

Tutazame kazi hiyo inavyokwenda. Katika mstari wa walimaji, mdhaifu huvutwa na mwendo wa wenzake, na mwenye nguvu huzuiwa asiwaache. Mpiga ngoma huwatazama. Akiona migongo imechoka, hupunguza mwendo. Akiona jua limepungua ukali, huongeza. Na mwimbaji ana ruhusa kubwa, maana aweza kusema katika wimbo yale ambayo mlimaji hawezi kumwambia mwenye shamba usoni. Hivyo mdundo huu una masikio na macho.

Sasa nawaeleza jambo la mwisho. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Maofisa walihofu kwamba udongo ulikuwa unachukuliwa na maji, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Kwa hiyo zikatoka amri. Wakulima waliamriwa kutengeneza matuta kwa namna fulani, na kupunguza ng'ombe zao. Asiyetii alitozwa faini.

Wasukuma walikuwa wakilima matuta tangu zamani. Jembe lilikuwa lile lile, na udongo ule ule. Hata hivyo amri zile zilichukiwa sana. Uchungu wake uliingia katika siasa za kudai uhuru, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 amri nyingi kati ya hizo zilikuwa zimeachwa.

Naomba tulitafakari jambo hilo. Kikosi cha kulima kilitengeneza matuta, kikapata washindani waliotaka kukishinda kwa kutengeneza matuta mengi zaidi. Serikali ilitaka matuta, ikapata uadui. Tofauti haikuwa katika mikono ya wakulima. Bwana shamba alikuja na daftari lake, akahesabu matuta, akaenda zake. Hakusimama mbele ya mstari kutazama migongo.

Mdundo wa siku hizi

Siku hizi mashine za kusaga zimepunguza sauti ya michi, na mahali pengine trekta limechukua kazi ya jembe. Muziki twausikia katika simu, kila mtu na wake. Lakini mdundo wa kazi haukwisha. Mashine ya kiwandani ina mdundo wake, nayo haichoki. Anayechoka ni mtu aliyesimama mbele yake. Kwa hiyo swali la zamani lingali linafaa.

Ninyi nyote mna kazi za pamoja. Mnachimba mitaro, mnajenga madarasa, mnavuta nyavu, mnavuna shamba la ushirika. Kabla hamjaanza, ulizeni mambo matatu. Kwanza, nani ameshika ngoma? Pili, je, anaiona migongo yetu? Tatu, tukitua mizigo ili tuzungumze naye, atasikia? Kama majibu ni mazuri, imbeni na mfanye kazi kwa bidii, maana nguvu za wengi zikikutana hushinda mengi. Kama majibu si mazuri, wimbo hautaponya kitu. Utaficha uzito tu mpaka mtu aanguke.

Sasa tupige makofi tena kama mwanzo. Lakini safari hii sitaongoza mimi. Mwalimu wa kisomo, mchague mwanafunzi mmoja, hasa yule ambaye huwa hasemi sana. Ndugu mwongozaji, simama mbele, uwatazame wenzako wote. Anza polepole. Kabla hujaongeza mwendo, angalia kwanza mikono ya aliye mzee kuliko wote darasani. Haya, ngoma ni yako.

(Makofi.)

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka juma lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kuna tofauti gani kati ya mdundo wa kupokezana na mdundo wa pamoja? Toeni mfano wa kila mmoja kutoka kazi za hapa kwenu.
2. Kwa nini wapagazi walifunga njuga miguuni? Je, mnakubali maelezo ya somo hili, au mna maelezo mengine?
3. Mpagazi wa msafara na mpagazi wa vita walitofautiana kwa nini?
4. Kwa nini serikali za kikoloni hazikuipuuza ngoma ya beni?
5. Je, iko kazi hapa kwenu iliyoshindwa kwa sababu watu waliamrishwa, na nyingine iliyofaulu kwa sababu walipatana?

Zoezi la kuandika

Kesho sikiliza mdundo mmoja wa kazi, kama mchi, nyundo, cherehani, kasia au jembe. Kisha andika sentensi tano. Eleza kazi hiyo ni ipi, inafanywa na watu wangapi, mwendo wake ukoje, na nani anayeuamua.